Kitambaa Juu ya Jiwe

Mwaya, Alhamisi, mwezi wa nne 1913. Saa kumi jioni.

Mvua imepungua, haijakatika. Ni ile mvua nyembamba ya huku kwetu, ambayo mtu anaweza kutembea nayo toka asubuhi asijue amelowa saa ngapi. Mto umeshuka kidogo, na migomba ya chini ya nyumba imeanza kuonyesha tena mashina yake. Ziwa bado ni jekundu kwa udongo wa milimani.

Naogopa.

Nimeliandika neno hilo peke yake ili nilitazame. Miaka mingi nimewafundisha watoto kusoma, na nimewaambia mara nyingi kwamba jambo likishaandikwa hupungua ukubwa. Hili halijapungua.

Mkono wangu wa kulia, ulioshika chombo cha kupimia cha Bwana kwa wiki kumi na moja bila kutikisika, leo umemwaga wino mara mbili kabla ya mstari wa kwanza. Bwana anarudi kesho kutoka milima ya Wakinga. Jumamosi meli inakuja. Na hapa mezani, ndani ya bakuli la udongo, kuna vipande sita vya jiwe ambalo Jumatatu asubuhi lilikuwa moja.

Naandika kwa Kiswahili kama kawaida, kwa kuwa katika nyumba hii ni mimi tu ninayekisoma. Mke wangu Lugano anasoma Kinyakyusa cha misheni, tena kwa sauti kubwa. Ningeandika kwa Kinyakyusa, jirani wangesikia hofu yangu kabla wino haujakauka.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Najua hakuna atakayesoma, lakini mwalimu hawezi kuanza jambo katikati.

Bwana huyu Mdachi watu wamemwita Bwana Kipimo. Ni daktari, lakini si wa wagonjwa. Wiki ya kwanza walimletea mama mwenye jipu, naye akamtazama kwa huzuni, akampa sabuni. Udaktari wake ni wa mawe, tena si kila jiwe. Anataka yale yaliyojijenga yenyewe, yenye nyuso zilizonyooka kama zimekatwa kwa kisu, ingawa hakuna aliyezikata. Jiwe la namna hiyo huitwa fuwele. Chumvi ni fuwele: ichukue punje kubwa uitazame vizuri, utaona kisanduku.

Kazi yetu ni kupima pembe. Ninalibandika jiwe kwa nta juu ya duara la shaba lenye alama, namulika taa, nalizungusha polepole mpaka uso wake mmoja unapong'aa, nasoma alama. Nazungusha tena mpaka uso wa pili ung'ae, nasoma tena. Tofauti ya alama hizo mbili ndiyo inayonipa pembe. Kisha narudia. Kila pembe mara kumi. Bwana hakubali tisa. Alinichagua mimi mzee badala ya vijana wa boma kwa sababu kijana akifika mara ya nne anaanza kubahatisha, anaandika jibu la jana.

Nilimuuliza sababu ya taabu yote hiyo. Akasema fuwele za aina moja, ziwe za huku au za kwao, ndogo au kubwa, pembe zake ni zilezile. Maana yake ndani yake kuna mpango: vitu vidogo mno visivyoonekana, vimepangwa safu kwa safu. Mpaka juzi, alisema, huo ulikuwa ubashiri wa wenye akili. Sasa wenzake huko kwao wamepitisha ndani ya fuwele ile miale isiyoonekana, inayopenya nyama ya mkono na kuonyesha mfupa, na upande wa pili, kwenye kioo cha picha, yametokea madoa yaliyojipanga kama shanga. Alinisomea barua hiyo akiwa amesimama. Sikuwahi kumwona mtu akisimama kusoma barua isipokuwa ya msiba.

Basi alipopata jiwe lile milimani, jeupe kama maji, kubwa kama yai la bata, halina ufa, akasema litakwenda kwao kwa meli. Ndilo jiwe alilolitafuta muda wote aliokaa huku.

Jiwe hilo lina tabia moja. Ukiliweka juu ya mstari wa maandishi, unaona mistari miwili. Juu ya punje moja ya mpunga, unaona punje mbili. Bwana alinieleza: mwanga ukiingia ndani yake hugawanyika ukatoka kwa njia mbili, na jicho, lisilojua, linadhani vitu ni viwili. Nilielewa. Ningeweza kulifundisha darasa zima.

Masika yalipoanza, paa la Bwana likavuja, sanduku likahamia kwangu, na kazi ikahamia kwenye meza hii. Hapo ndipo ilipoanza habari yenyewe.

Katika nyumba hii yumo pia Atupele, mke wa mwanangu Ambilike. Mwanangu amekwenda na mizigo ya watu hadi bara, hajarudi. Atupele ni binti wa Ikombe, mama yake ni mfinyanzi wa vyungu. Ana mimba ya miezi saba. Mwaka wa pili huu tunaishi ua mmoja na sijawahi kuuona uso wake, kama mila yetu inavyotaka. Mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawasemeshani. Akinisikia nakuja anatoka kwa mlango wa nyuma, nami, kabla ya kuingia, nakohoa pale kwenye mgomba wa mwisho ili apate nafasi. Wadachi hucheka wakielezwa hili. Kwetu ni heshima, na yeye, ingawa Wakisi ndio watu wake, anaishika kuliko waliozaliwa nayo.

Kila asubuhi nikitoka anaingia kufagia.

Jumatatu ng'ombe wangu mwekundu alinasa kwenye tope chini ya mto. Nikaacha meza kama ilivyo, nikakimbia. Huko nikaona kamba niliyonayo fupi, nikarudi mbio kuchukua nyingine. Sikukohoa. Nilikuwa nahema, tope magotini, sikukumbuka hata mgomba uko wapi. Nikaingia.

Aliyekuwa ameinama juu ya meza alishtuka kama swala. Nami nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya: niligeuka nikatazama ukuta. Nikasimama pua yangu ikigusa mwanzi, macho nimeyafumba, mpaka niliposikia mlango wa nyuma. Kisha nikachukua kamba nikaenda kwa ng'ombe wangu. Juu ya meza niliona kitambaa cheupe kinachofunika jiwe, kimeinuka katikati kama siku zote.

Jioni nilipokiinua, chini yake kulikuwa na chupa ya wino.

Nikatafuta kwenye sanduku, kwenye majivu, ndani ya viatu. Nilijua tayari, lakini nilitafuta. Usiku huo Lugano akaniambia Atupele hayupo. Amechukua mtumbwi wa wajomba zake waliokuja kuuza vyungu, amekwenda kwao Ikombe. Hakuaga.

Sasa niandike lile ninaloliogopa.

Mwezi wa kwanza wa kazi, mpagazi mmoja aliangusha sanduku la vioo vya picha vya Bwana. Bwana hakumpiga. Bwana hapigi mtu, hafoki, anapiga chafya ndani ya leso na kuomba radhi. Aliandika barua boma, mistari minne. Najua ni minne kwa sababu mimi ndiye niliyeinakili, kwa mwandiko wangu mzuri. Mpagazi alirudi baada ya siku mbili, akalala kifudifudi nyumbani kwa shangazi yake wiki nzima.

Vioo vile vilikuwa vinanunulika. Jiwe hili halinunuliki.

Bwana atauliza nani alikuwa nyumbani. Atauliza kwa upole. Kisha ataandika mistari minne.

Jumatano alfajiri tulipanda mtumbwi, mimi na Lugano, tukafuata ufuko hadi Ikombe. Milima pale inashuka moja kwa moja mpaka majini, na kijiji kimejibana chini yake kama kimeombewa nafasi. Mvua ilikuwa ikipiga. Mama yake Atupele tulimkuta chini ya kibanda chake, mikono yote udongo, vyungu vibichi vimepangwa kuzunguka jiko vikingoja siku ya jua vichomwe.

"Ndaga, mwalimu," alisema. "Karibu mpima mawe. Sisi huku jiwe tukilikuta kwenye udongo tunalitupa. Ninyi mnalilaza kitandani."

Nikamwambia nimekuja kuzungumza na mwanangu. Akanielekeza kwa kidevu kwenye ukuta wa matete. Atupele alikuwa upande wa pili. Nikakaa chini, mgongo kwa ukuta. Lugano akakaa kando, pale palipo na mlango, ili awe mdomo wangu na sikio langu.

"Mwulize jiwe liko wapi."

"Baba yako anauliza jiwe liko wapi," Lugano alipaza sauti, kana kwamba kati yetu kulikuwa na ziwa zima na si matete.

Ikaja sauti ndogo ambayo, kwa mila, sikuisikia.

"Anasema limelala."

"Limelala wapi?"

"Anasema amelifumba macho."

Mfinyanzi akaendelea kulainisha mdomo wa chungu chake, ametulia kabisa. Nikaamua kueleza. Nilieleza vizuri, nadhani. Nilisema jiwe haligawi kitu, linagawa mwanga. Nilisema mwanga unapoingia hukuta safu zimepangwa kwa namna fulani, ukapita kwa njia mbili, na kwamba punje ya mpunga chini yake haijui kama inaonekana mbili. Nilikwenda mpaka kwenye miale na madoa. Nilipomaliza Lugano alinitazama.

"Niseme yote hayo?"

"Yote."

"Atupele, baba yako anasema usiogope."

"Sikusema hivyo."

"Ndivyo ulivyosema, Baba Ambilike. Ni vile tu ulipitia mbali."

Mfinyanzi akacheka peke yake. Nikaona aibu, nikaongeza: "Mwambie mimi nimelitazama wiki kumi na moja. Kama linazaa viwili, nina pua ngapi?"

"Moja," alijibu mfinyanzi, "lakini inatosha mbili."

Ndipo nyuma ya matete Atupele akasema kwa kirefu, na hakumngoja mama yake mkwe arudie. Alisema na ukuta, alisema na vyungu, lakini kila neno lilikuwa langu.

"Mwambieni baba. Kama jiwe halina kitu, mbona analivika nguo nikiingia mimi? Mama amelitazama. Watoto wa jirani wamelitazama, wamekuja kunisimulia mpaka wakachoka. Yule mzee anayeuza samaki amelitazama. Kila asubuhi mimi nakuta limefunikwa, na nikishatoka tu nasikia linafunuliwa. Siku thelathini. Baba ni mtu aliyesoma, anajua mambo. Nikasema, basi kuna kitu ananificha kwa huruma. Jumatatu nikainua kitambaa niweke kidole. Nikaona vidole viwili. Nikaelewa kwa nini amelifunika. Mimi sikuogopa jiwe. Niliogopa kitambaa."

Lugano akainuka, akaingia ndani kwake. 

Hapa inanipasa nisimame niungame, maana ndiyo kazi ya daftari hili.

Kwetu mama akizaa mapacha, hofu huingia ukoo mzima. Wazazi hutengwa kwenye kibanda chao, hawasalimiwi, hawashiki ng'ombe wala chakula cha watu, mpaka dawa zote zifanyike na kila ndugu apate yake. Watu husema miguu huvimba, ng'ombe hukauka. Nilipokuwa mtoto dada wa mama yangu alizaa hivyo. Nakumbuka moshi wa kile kibanda, na nakumbuka kwamba nilikatazwa kutazama upande ule, nikatazama.

Kisha nikasoma. Nikabatizwa. Nimesimama mbele ya watu kanisani nikasema mapacha ni watoto wawili, basi. Nimesema hivyo kwa sauti thabiti.

Na siku sanduku lilipoingia nyumbani mwangu, mkono huu ulichukua kitambaa cha kufutia vioo, ukalifunika jiwe kabla Atupele hajaingia kufagia. Nilijiambia ni kwa sababu ya vumbi. Masika, nyumba imelowa mpaka mikeka inaota ukungu. Vumbi gani?

Yeye alinipima mara thelathini na kupata jibu lilelile. Bwana angemwajiri.

Halafu Lugano, baada ya kuingia ndani na kukaa naye kidogo, akatoka na sababu ya pili, hii alininong'oneza. Atupele hakukimbia kiboko cha boma. Habari za kiboko hata hakuzifikiria. Alikimbia ili watoto, wakija wawili, waje Ikombe, mbali na ng'ombe wangu na mbali na miguu yangu.

Nikamwomba mfinyanzi anionyeshe jiwe lilipolazwa.

Mfinyanzi aliinuka, akainama kwenye safu ya vyungu, akatoa donge la udongo kubwa kama kichwa cha mtoto. Atupele alikuwa amelizika jiwe humo na kulipigapiga kwa kokoto la kufinyangia mpaka udongo ukashikamana, kisha akalipanga na vyungu lichomwe navyo. Alitaka lisione tena. Mvua ndiyo iliyochelewesha moto. Jua lingewaka Jumanne, leo ningekuwa na chokaa, maana jiwe la aina hii likichomwa ndivyo linavyogeuka.

Tukalivunja donge kwa maji. Jiwe lilitoka vipande sita.

Nikaviosha mwenyewe ziwani, kimoja kimoja. Vilikuwa safi, vinang'aa, kila kimoja kimepasuka kwa nyuso zilizonyooka kabisa. Lakini nyuso lilizokua nazo jiwe lenyewe, zile tulizozipima wiki kumi na moja, zimekatika vipandevipande, na hakuna anayeweza kuzirudisha.

Nikampa Lugano kipande kimoja na punje ya mpunga ampelekee. Nikasema aweke jiwe juu ya punje, ahesabu, aondoe jiwe, ahesabu tena. Tukangoja. Mfinyanzi alimaliza chungu kizima. Kisha Lugano akaja kuomba kipande kingine, chembamba zaidi. Halafu akaja na jibu.

"Anasema kinene kinazitenga mbali. Chembamba kinazitenga kidogo. Anasema jiwe likiisha, punje inabaki moja."

Jambo hilo la unene mimi lilinichukua wiki mbili kuligundua, nikiwa na taa na shaba na Bwana pembeni.

"Basi ameelewa," nilisema.

"Anasema ameelewa." Lugano akanirudishia vipande. "Anasema bado anaogopa."

Mwambie nami pia, nilisema. Na hilo alilirudisha neno kwa neno.

Amekubali kurudi. Leo asubuhi tumekuja kwa mitumbwi miwili, mimi mbele, yeye na Lugano nyuma. Njia nzima nilitazama mbele tu, shingo imekakamaa kama ya sanamu, nisije nikageuka kwa bahati mbaya. Mara moja, karibu na Matema, nilisikia nyuma yangu mtu akicheka. Haikuwa sauti ya Lugano. Sijui walikuwa wakicheka nini. Pengine shingo yangu.

Tulipofika nilikohoa kwenye mgomba wa mwisho, nikasubiri, nikakohoa tena, ingawa nilijua nyumba haina mtu.

Kisha nikakaa hapa nikapima vipande vyote sita, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu. Kila pembe mara kumi, kama Bwana anavyotaka. Pembe zilitoka zilezile: digrii mia moja na tano na dakika chache, kila kipande, kile kikubwa na kile kidogo kama ukucha. Jiwe hili hupasuka kwa namna moja tu. Ulipige kwa hasira au kwa hofu, litakupa pembe ileile. Bwana alisema kwamba miale ile inahitaji kipande kidogo tu. Pengine atafurahi. Pengine ataangalia zile nyuso zilizokatika, apige chafya, atafute kalamu.

Njiani nilikuwa nimetunga uongo. Nilipanga kumwambia Bwana ni mimi niliyelivunja, ili jina la Atupele lisifike kwenye karatasi. Niliugeuza uongo huo kwenye ulimi toka Ikombe hadi Mwaya nikitafuta mahali utakapoteleza.

Lakini nikihesabu sasa: nani alilifunika jiwe? Nani aliingia bila kukohoa? Nani aligeuzia meza mgongo, akaona kitambaa kimeinuka, akaenda zake? Nimeutafuta uongo ndani ya sentensi ile, siuoni.

Ni mimi.

Kitambaa nimempa Lugano. Kilikuwa cha pamba nzuri, Bwana alikileta kutoka kwao. Nikamwambia akifue, kimfae mtoto atakapokuja, mezani sikihitaji tena. Amekipima kwa dhiraa.

"Kinatosha mtoto mmoja," amesema. Akakikunja. Akiwa mlangoni akageuka. "Wakija wawili, tutakipasua katikati."

Amesema hivyo kama anayezungumzia ndizi. Nami nilihisi baridi mgongoni, ile ile ya kile kibanda cha moshi, na nikakaa nayo, sikuifunika kwa kitu.

Vipande viko wazi mezani. Kesho asubuhi, kabla Bwana hajafika, Atupele ataingia kufagia, navyo vitakuwa wazi hivyohivyo. Nitakohoa kabla ya kurudi.

Kinachobaki ni Bwana. Hatauliza mara moja. Namjua. Atauliza nani alikuwepo, atasikiliza, ataandika, kisha atauliza tena kwa maneno mengine, na tena wakati wa chai, na tena akiwa amevaa kofia ya kuondoka. Mara kumi. Jibu likitoka tofauti hata mara moja, atajua kuna uso mwingine ambao sijamwonyesha.

Nimejaribu sasa hivi, kwa sauti ya chini, nikiitazama taa. Nani, mwalimu? Ni mimi, Bwana. Nani mwingine? Hakuna, Bwana. Nimefika mara ya saba sauti ikapasuka.

Naanza tena kuanzia ya kwanza.